Kampuni Tatu, Mwenyewe Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Kodi ya Mapato

Mjini Nakuru si ajabu kumkuta mtu mmoja mwenye kampuni tatu: ya kwanza inasaga mahindi, ya pili ina malori, na ya tatu, iliyoandikishwa kwa jina la mkewe, inamiliki jengo ambamo zile mbili zimepanga. Kila moja ina PIN (namba ya mlipakodi) yake, lakini ufunguo wa sefu ni mmoja. Juni inapokaribia na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kudaiwa, mwenyewe huanza kuuliza maswali, na majibu mengi anayopewa na wenzake hayatokani na sheria ya Kenya.

"Mfuko ni mmoja, kwa hiyo faida na hasara hujumlishwa."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Sheria ya Kodi ya Mapato huihesabu kila kampuni kuwa mlipakodi wake, na haina utaratibu wa kampuni moja kuikabidhi nyingine hasara yake. Tuseme kinu kimepata faida ya shilingi milioni 4 na malori yamepata hasara ya milioni 3. Mwenyewe anaona amebaki na milioni 1, hivyo anatarajia kodi ya 300,000. Kumbe kinu kinadaiwa asilimia 30 ya milioni 4, yaani milioni 1.2, na hasara ya malori inabaki palepale kwenye kampuni ya malori, ikisubiri faida ya kampuni hiyo yenyewe. Laiti malori yangekuwa ndani ya kampuni ya kinu, hasara ingepunguza faida, maana zote mbili ni biashara. Mapato ya pango la nyumba na ya shamba ni habari nyingine, kwa kuwa hasara zake hutengwa hata ndani ya kampuni moja.

"Ukiwa na kampuni nyingi, mpaka wa faida inayotozwa kodi ya chini hugawanywa kati yao."

Hiyo ni sheria ya Uingereza, na huenda imetufikia kupitia jamaa walioko huko. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, kampuni ya huko yenye faida isiyozidi pauni 50,000 hutozwa asilimia 19, na inayozidi pauni 250,000 asilimia 25. Zikiwa kampuni mbili chini ya mamlaka ya mtu mmoja, mipaka hiyo hushuka hadi pauni 25,000 na 125,000. Kwetu hakuna cha kugawanya, kwa sababu asilimia 30 huanzia shilingi ya kwanza ya faida.

"Gawanya biashara ubaki kwenye kodi ya mauzo ghafi."

Kodi hiyo, maarufu kama TOT, ni asilimia 3 ya mauzo yote ya biashara inayouza zaidi ya milioni 1 lakini isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Duka la vifaa vya ujenzi Kisumu linalouza mali ya milioni 30 likagawanywa kuwa kampuni mbili za milioni 15, kila moja italipa 450,000, jumla 900,000. Kama faida ya duka zima ilikuwa milioni 2, kodi ya kawaida ingekuwa 600,000 tu. Penye faida iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya mauzo, ujanja huu humla mwenyewe. Na hata pale unapopunguza kodi, Kamishna wa kodi ana uwezo wa kuuvunja mpango ambao lengo lake kuu ni kukwepa kodi, na adhabu yake ni mara mbili ya kodi iliyokwepwa.

"Bei baina ya kampuni zangu ni siri ya nyumbani."

Nadhani kinachowaponza wengi hapa ni ankara ya "huduma za usimamizi" ambayo kampuni moja huipa nyingine: mstari mmoja, milioni 2 kamili, tarehe 31 Desemba. Gharama hukubaliwa ikiwa imetumika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato ya kampuni inayolipa, basi kazi yenyewe ni lazima ionekane. Tena malipo hayo hukatwa kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini) ya asilimia 5, na udugu wa kampuni hauyaondolei kodi hiyo.

Kampuni dada ikiwa nje ya nchi, au katika eneo maalum la kiuchumi kama la Naivasha, ambako kodi ni asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, bei lazima iwe ile ambayo watu wasio na uhusiano wangekubaliana. Wapo wanaosema hayo ni ya mashirika makubwa. Ni kweli kwamba kesi ya Unilever Kenya, iliyoamuliwa mwaka 2005 na kufuatwa na kanuni za 2006 za bei baina ya kampuni zenye uhusiano, ilihusu shirika kubwa, lakini mauzo yaliyobishaniwa yalikuwa kwa kampuni dada ya Uganda, na mfanyabiashara wa Busia mwenye bohari pande zote mbili za mpaka yumo katika sheria hiyohiyo. Kuiandikisha kampuni ya ng'ambo kwa jina la shemeji hakumtoi, kwa sababu uhusiano unaotajwa na sheria si wa hisa peke yake, bali pia wa damu na wa ndoa.