Kuloweka kuni hakuongezi moshi kwenye jiko la pipa

Wengi wanaotengeneza jiko la kubanikia nyama kwa pipa la chuma la lita 200 huambiwa kwamba vipande vya kuni ni lazima vilowekwe usiku kucha ili vitoe moshi mwingi kwa muda mrefu. Ushauri huu umezoeleka mno, lakini hauendani na jinsi kuni zinavyoungua.

Ukipasua kipande kinene cha mti mgumu kilicholala majini usiku mzima, utaona kwamba unyevu umeishia karibu na uso wake, huku ndani kukiwa kukavu. Maji hayo machache, kipande kikishawekwa juu ya mkaa, hayana budi kuchemka na kwisha kwanza kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali kuni huanza kutoa moshi wenye ladha pale tu joto linapopita nyuzi 200. Kwa hiyo lile wingu jeupe la mwanzo, ambalo huwafurahisha watu, kwa sehemu kubwa ni mvuke, na wakati huohuo mkaa unapoozwa bure.

Kinachotawala moshi ni hewa. Matundu ya chini ya pipa yakizibwa kupita kiasi, kuni hufuka moshi mzito unaoacha uchungu kwenye nyama. Yakifunguliwa kiasi cha kutosha, moshi huwa mwembamba, wenye rangi ya samawati hafifu, na huo ndio unaotakiwa. Tumia kuni kavu, vipande vya ukubwa wa ngumi, ukivifukia katikati ya mkaa ili vishike moto kimoja baada ya kingine.