Je, wajua kwa nini namba kwenye kofia ya babu inaonekana imegeuka?

Picha za wazee waliopigana Keya, yaani King's African Rifles au KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, siku hizi zinarushwa sana kwenye magrupu ya ukoo. Mtu anaikuza kwenye simu mpaka sura yote inakuwa madoadoa, anaona mbele ya tarbushi kuna kitu kama 3 inayotazama upande usio wake, basi anatoa hukumu palepale: picha imegeuzwa hii. Binamu mmoja mwenye programu ya kuhariri anaigeuza, inatokea 3 safi kabisa, kila mtu anashangilia, babu alikuwa bataliani ya tatu, ya Kenya.

Kumbe hapo ndo wameiharibu. Ile haikuwa 3 iliyogeuka, ilikuwa ٤, nne ya Kiarabu, na bataliani ya nne ya KAR ilikuwa ya Uganda. Mzee kahamishwa nchi kwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Historia kwa kifupi. KAR iliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vilivyokuwepo Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya na Uganda. Bataliani ya 1 na ya 2 zikawa za Nyasaland, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda, halafu ya 6 ikaja 1917, hii ndo ya Tanganyika, na walioijaza mwanzoni wengi walikuwa askari waliokuwa wakipigania Wajerumani. Sasa kwenye tarbushi za zamani bataliani nyingine zilivaa namba za Kirumi na nyingine za Kiarabu, zile zilizoandikisha watu wengi kutoka sehemu za Waislamu ndo zilipewa za Kiarabu. Jeshi la mfalme wa Uingereza, makamanda Wazungu, na namba kichwani ni ya madrasa! Mi huwa napenda sana hilo.

Na mitego haiishii kwenye ٤. Sita ya Kiarabu ni ٦, ambayo mtu asiyeijua anasoma 7 bila hata kusitasita. Saba ni ٧, ambayo ukiikuta peke yake kwenye kofia unaweza kuapa ni V, tano ya Kirumi, na kwa kuwa jeshi lenyewe lilitumia mifumo yote miwili huwezi kumlaumu mtu. Tano ni ٥, hiyo wengi wanadhani ni kifungo tu au pambo. Kwa hiyo kabla ya kugeuza chochote mpe picha mtu aliyesoma chuo cha Kurani utotoni, pwani hawakosekani, ataisoma akiwa anatafuna muhogo.

Sisemi picha hazigeuki, zinageuka kweli. Filamu au kioo cha zamani kilikuwa na dawa upande mmoja tu, na wakati wa kusafisha picha ule upande wenye dawa ndo unatakiwa ulale kwenye karatasi. Ukikilaza kinyume picha inatoka vizuri tu, ila kulia kumekuwa kushoto. Ni kama kuangalia kanga kwa upande wa nyuma: maua yako sawa, pindo liko sawa, rangi imefifia kidogo tu, ila jina ndo linakuumbua, linasomeka kinyumenyume. Bila jina usingejua kanga iko kinyume, na picha ya askari ni hivyohivyo, uso wa mtu haukwambii kitu, unahitaji kitu chenye upande wake maalum. Na siku hizi kuna njia mpya ya kuharibu, mtu anaipiga picha ile picha ya ukutani kwa kamera ya mbele ya simu, ya selfi, na simu nyingine zinahifadhi kinyume.

Hicho chenye upande maalum usikitafute kwenye beji, yaani ile namba ya kwenye kofia, maana beji ndo inayobishaniwa. Angalia vifungo. Shati au koti la mwanaume, upande wa kushoto wa mvaaji unafunika wa kulia, maana yake ukimtazama kwenye picha ule upande uliolala juu unatokea mkono wako wa kulia. Medali nazo zinakaa kifua cha kushoto. Kama ana bunduki na mkono wa bolti, kile kishikio kinachovutwa kuingiza risasi, unaonekana, kwa bunduki za Lee-Enfield huo uko upande wa kulia wa bunduki. Vitu viwili vikikubaliana, umemaliza. Tatizo ni kwamba kabla ya 1914 askari wengi wa KAR walivaa sweta la buluu iliyokoza, halina kifungo hata kimoja mbele, hapo unabaki na bunduki. Na mkono alioshikia bunduki haunishawishi sana, mpiga picha wa studio alimpanga mtu vile alivyoona inapendeza.

Halafu kuna mambo ambayo beji haisemi kabisa. Haisemi cheo, cheo kiko mkononi, hizo tepe, au mabegani kwa maofisa. Na ile kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja watu wakiiona tu wanasema huyu alipigana Burma (Myanmar ya leo), wakati kofia hizo zilivaliwa pia na waliobaki huku. Waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru, na hiyo ilishonwa begani, kwa hiyo shusha macho kutoka kwenye kofia. Namba 26 na 36 ni bataliani za Tanganyika za wakati wa vita ya pili, zote mbili zilifika Burma. Na ukikuta tarbushi ya kaki yenye tai wa chuma, huyo hakuwa Keya, alikuwa askari wa Mjerumani.

Kama beji ina taji, tazama umbo lake kwa juu. Taji la wafalme, lililotumika tangu 1901, linapanda kama kuba bila kubonyea. La Malkia Elizabeth, aliyerithi 1952, limeingia ndani katikati. Likiwa limebonyea, picha si ya vita ya pili hata kama nyuma imeandikwa hivyo.

Rangi ya tarbushi ndo nakushauri uiache. Nyingi zilikuwa nyekundu, za Nyasaland nyeusi, ila filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu kabisa, ilitoka nyeusi. Kwenye picha, tarbushi za aina zote mbili ni nyeusi tii.