China haiwahesabu wasafiri wawili kuwa mmoja

Juma hili nimepokea ujumbe wa nne tangu mwaka uanze wenye maneno yaleyale, karibu neno kwa neno: "Sisi tuko wawili, mwenzangu ndiye anayejua mambo ya simu, kwa hiyo maandalizi hayatatusumbua." Aliyeandika ni kijana wa Dodoma anayetaka kuizunguka China kwa siku 28 na rafiki yake, shanta mgongoni, kutoka Guangzhou hadi Guilin, kisha Yunnan, Chengdu, Xi'an na mwisho Beijing. Njia aliyoichagua ni nzuri na bajeti yake inaingia akilini. Kosa liko kwenye hilo "kwa hiyo". Huu ni mwaka wangu wa nane wa kupanga safari za namna hii, nikiiondoa ile miaka mitatu ambayo watalii walifungiwa mlango, tangu Machi 2020 hadi Machi 2023, na sijaona imani iliyowaharibia wasafiri wangu siku nyingi kuliko hii ya kwamba katika watu wawili anatosha mmoja kujua.

Naelewa inakotoka. Kwetu, ukisafiri na mwenzako kwenda Kigoma au Lamu, mmoja hukata tiketi za wote na mwingine hulinda mizigo. Mmoja hulipia chakula na mwingine humrudishia kwa M-Pesa kabla chai haijapoa. Na mwenye nyumba ya wageni huandika kitabuni jina la mmoja, kisha huongeza "na mwenzake". Huyo "na mwenzake" China hayupo. Tiketi ya treni hufungwa kwenye pasipoti ya mtu mmoja. Chumba, hata mkikilala wawili, huandikishwa kwa pasipoti mbili. Ukitaka kuingia Gugong, makasri ya wafalme wa zamani pale Beijing, nafasi hufunguliwa siku saba kabla na kila jina huingizwa na namba ya pasipoti yake (na Jumatatu msiende, huwa pamefungwa). Msimbo wa QR wa metro ukishamwingiza mtu mmoja, hausomeki tena mpaka mtu huyohuyo atoke. Nchi nzima imejengwa juu ya mtu mmoja, kitambulisho kimoja na simu moja, na mgeni asiyelijua hilo hugeuka mzigo wa mwenzake tangu asubuhi ya kwanza.

Viza niipitie haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Mtanzania na Mkenya huomba viza ya L, yaani ya utalii, kila mtu yake, na muda wa kukaa huandikwa kwenye kila viza peke yake. Usidhani siku za mwenzako ndizo zako. Utaratibu wa kupita siku 10 bila viza, uliopanuliwa Desemba 2024, hauzihusu nchi zetu. Ninaowaonya zaidi ni binamu wenye pasipoti za nchi tofauti, mmoja akiwa Mtanzania wa Tanga na mwingine akiwa raia wa Ujerumani. Wa Ujerumani huingia bila viza kwa siku 30, akapanga safari ya wote wawili kwa hesabu yake mwenyewe, na wa Tanga akajikuta amepitiliza muda wake. Faini ni yuan 500 kwa kila siku, hadi kufikia yuan 10,000, na hulipwa na aliyepitiliza, si na aliyepanga.

Sasa treni, maana hapa ndipo imani hiyo inapopata nguvu zake. Ni kweli kwamba akaunti moja ya 12306, mfumo rasmi wa tiketi za treni mtandaoni, hununua tiketi za watu kadhaa. Unawaongeza kwa pasipoti zao, wanathibitishwa, basi. Mauzo hufunguliwa siku 15 kabla, kwa hiyo akaunti ifunguliwe mapema, kwa sababu uthibitisho wa pasipoti unaweza kuchelewa na kwenye likizo ya Oktoba mosi viti huisha upesi mno. Mpaka hapo aliyeniandikia ana haki. Tatizo ni kwamba baada ya malipo huna karatasi yoyote mkononi: pasipoti ndiyo tiketi. Huonyeshwa mlangoni pa kituo, ambako mabegi nayo hupita kwenye mashine, huonyeshwa tena kwenye geti la kuelekea jukwaani, na mara nyingi mgeni hupitia kando, kwa mfanyakazi, kwa kuwa geti lenyewe limetengenezwa kwa vitambulisho vya Wachina. Anayebeba pasipoti za wote "kwa usalama" amebeba tiketi za wote, kitambulisho cha wote na ruhusa ya wote ya kulala hotelini. Isitoshe, sheria ya uingiaji na utokaji, inayotumika tangu Julai 2013, inamtaka mgeni yeyote aliyetimiza miaka 16 atembee na pasipoti yake mwenyewe.

Nitaeleza lililowapata mashemeji wawili niliowapangia safari ya kutoka Guilin kwenda Kunming kwa treni ya kasi. Mmoja alikuwa mvutaji, na kwenye treni hizo sigara ni marufuku kabisa, hata pale kwenye maungio ya mabehewa. Treni iliposimama kwenye kituo kimoja cha jimbo la Guizhou alishuka avute mbili tatu. Vituo vidogo husimama dakika mbili hivi. Milango ilifungwa akiwa amesimama jukwaani kwa shati la mikono mifupi na kandambili, simu yake ikichaji chini ya kiti, pasipoti yake ikiwa ndani ya mkoba wa shemeji yake, na shemeji mwenyewe amelala fofofo. Hakuwa na fedha wala neno la Kichina, na hakuijua hata namba ya simu ya mtu aliyekuwa akisafiri naye. Kilichomwokoa ni jambo dogo sana. Katika daraja la pili viti hupangwa A, B, C upande mmoja na D, F upande wa pili, E haipo. Asubuhi ile walikuwa wamebishana kwa nini kiti kilicho jirani na D kinaitwa F, na kwa sababu ya ubishi huo alikumbuka. Alimwomba mfanyakazi wa jukwaani kalamu, akaandika kiganjani: 7, kisha 12F. Yule mfanyakazi alipiga simu kwenye treni, behewa la saba likatafutwa, shemeji akaamshwa na kuteremshwa kituo kilichofuata pamoja na mashanta mawili, na aliyebaki akapandishwa treni iliyokuja nyuma. Walikutana baada ya saa mbili na nusu. Niliposikia habari ile nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa juu yangu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewanunulia tiketi zote mbili na kumtumia maelezo mmoja wao tu.

Tangu siku ile kila msafiri hupata maelezo yake kwa jina lake, na huandika kwenye karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, namba ya treni, behewa, kiti, na jina la hoteli ya usiku huo kwa hati za Kichina. Akishindwa kuzinakili hati hizo, na wengi hushindwa, apige picha kadi ya hoteli na kuichapisha. Wanaonilalamikia kwamba hiyo ni kazi ya shule nawaomba wajaribu kumweleza dereva wa teksi wa Chengdu, kwa ishara za mikono, jina la uchochoro.

Hoteli zina utata wake, lakini si huu mnaoambiana. Si kweli kwamba mgeni hulala kwenye hoteli maalumu pekee; mwaka 2024 serikali ilitamka waziwazi kwamba hoteli isimkatae mgeni kwa kisingizio cha kukosa kibali. Kinachotokea kwenye miji midogo ni kwamba aliyepo mapokezi hajawahi kuandikisha pasipoti, anaogopa kukosea, na kukataa ndiyo njia yake nyepesi. Vuta subira, mpe pasipoti iliyofunguliwa ukurasa wa picha, kisha ule wa viza, na mwache apige simu anakotaka. Jambo linalowahusu wawili ni hili: mwenzako akifika usiku wa manane kwa treni nyingine, asipandishwe chumbani kimyakimya. Aandikishwe. Na mkilala kwa ndugu, iwe ni mwanafunzi wa Wuhan au mfanyabiashara wa Guangzhou, nendeni wote wawili kituo cha polisi ndani ya saa 24.

Fedha ndizo zinazovunja urafiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, programu za Kichina za kulipia kwa simu (WeChat ni ya kutumiana ujumbe pia), bila shida kubwa, na hapo ndipo kila jozi inapoamua kwamba atalipa mmoja, watahesabiana baadaye. Sikilizeni. Kadi ya kigeni humlipa mwenye duka. Haimtumii mtu fedha. Mwenzako hawezi kukurudishia yuan 38 za tambi kwa njia mliyoizoea nyumbani. Deni linakua, siku ya tisa mmoja ameshalipa yuan 2,000 na mwingine anaona aibu kuagiza maji ya kunywa. Nimewahi kupigiwa simu kutoka Dali na mtu aliyekuwa akilia kwa sababu rafiki yake wa miaka 15 alimuuliza, mbele ya kitoweo, kama kweli ana njaa. Kila mtu awe na programu yake na kadi yake, mlipe kwa zamu ndogo ndogo, na mwisho wa siku mhesabiane kwa noti.

Kuna pia faida ya wazi ambayo wengi huikosa. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayakatwi ada, lakini yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Chumba cha yuan 260 kikilipwa na mmoja kina ada. Kikilipwa nusu kwa nusu, 130 kwa 130, hakina. Zidisheni kwa siku 28. Vilevile, muuzaji wa mahindi ya kuchemsha mwenye msimbo wake binafsi huenda asiweze kupokea kadi yako ya kigeni kabisa, kwa hiyo kila mmoja awe na noti za yuan 10 na 20 mfukoni. Fedha taslimu ni halali China, na muuzaji haruhusiwi kuzikataa, ingawa atatafuta chenji kwa muda mrefu.

Kuhusu intaneti nitasema machache. Mwenye laini ya nyumbani au eSIM (laini isiyo na kadi) ya kigeni hupata WhatsApp na Google kwa kuwa data yake huzunguka kupitia mtandao wa kwao. Aliyenunua laini ya China hazipati. Mmoja akiwa na hii na mwenzake ile, hamtasikilizana siku mtakayopotezana, ila kama nyote mna WeChat. Fungueni WeChat nyumbani, kwa sababu mara nyingi mtumiaji mpya hudaiwa athibitishwe na mtumiaji wa zamani. Kutegemea intaneti ya kuazimwa kutoka simu ya mwenzako ni sawa mkiwa chumba kimoja, na tena hapo wala hamuihitaji sana. Ramani tumieni Gaode, programu ya Wachina wenyewe. Zile mnazozizoea huweza kuwaweka mtaa wa pili.

Nina mashaka yangu, na ni haki myajue. Kanuni yangu ya kwamba kila mtu ajitegemee niliitetea kwa ukali mpaka nilipompeleka mama mmoja wa Tanga, aliyevuka miaka 60, pamoja na bintiye. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Alikataa programu zote, akabeba pasipoti yake kifuani, kadi ya hoteli na bahasha ya noti. Siku ya tatu alipotezana na bintiye kwenye kituo cha Xi'an. Akakaa palepale walipoagana, karibu na bomba la maji ya moto ambalo kila kituo kinalo, akatoa kikombe chake, akachovya majani ya chai, akangoja. Bintiye alimkuta baada ya dakika 40 akizungumza kwa mikono na bibi wa Kichina aliyempa machungwa. Kwa hiyo huenda programu si kiini cha jambo, na huenda nimekuwa nikiwalemea wazee bure.

Shaka ya pili inanisumbua zaidi. Nimeona jozi zilizonifuata kwa ukamilifu, kila mtu na simu yake, laini yake na ramani yake, wakapanda Korongo la Chuimilia Arukaye kule Yunnan, milima ya theluji pande zote mbili na mto ukinguruma chini, na kila mmoja akawa anatazama kioo chake ahakikishe njia ambayo mwenzake ameshaihakikisha. Hao hawakupotea hata mara moja. Sina hakika kwamba walisafiri pamoja. Sasa ninawaomba wanapofika njiani, mahali pasipo geti wala malipo, mmoja azime simu kwa siku nzima, na kesho yake wabadilishane.

Yule kijana wa Dodoma nimemjibu jana. Nimemwambia njia yake ni nzuri na sitaigusa, ila maelezo sitayatuma bado. Nimemwomba kwanza namba ya huyo rafiki yake asiyejua mambo ya simu, kwa sababu nataka kuanza kuzungumza na yeye.