Chaivu bustanini: panda aina inayopenda unapoishi

Tunaulizwa mara nyingi: mbona chaivu zangu hazitoi maua ya zambarau kama yale ya kwenye pakiti ya mbegu? Kwa kawaida mkulima hana kosa. Amepanda mmea unaosubiri baridi mahali ambapo baridi ya kutosha haifiki.

Chaivu ni jamii ya kitunguu, ila huliwa majani. Ile ya kwenye pakiti, Allium schoenoprasum, ina majani membamba yenye uwazi ndani kama mrija. Huota porini Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na huchanua vizuri baada ya majira ya baridi. Kwetu hustawi nyanda za juu, mfano Limuru, Lushoto au Njombe, lakini ipande kwa ajili ya majani. Maua yakija, shukuru.

Mwenye bustani Tanga au Mombasa aanze na Allium tuberosum, yenye asili ya Asia. Majani yake ni bapa, yananukia kitunguu saumu, na maua ni meupe. Inavumilia joto na hupendeza ikipangwa ukingoni mwa njia. Kata vichwa vya maua kabla mbegu hazijapukutika, la sivyo utaikuta ikiota hadi kwenye matuta ya mchicha.

Mbegu za chaivu huzeeka upesi, hivyo nunua za msimu huu. Mimi ningemwomba jirani kichaka, nikigawe mafungu madogo yenye mizizi, niyapande kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Changanya udongo na mboji au samadi iliyooza vizuri, na usiruhusu maji yatuame. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha kwa anayeishi ghorofani. Kila baada ya miaka mitatu hivi, ng'oa na ugawe tena.

Wengi hukosea katika kuvuna: wanadokoa ncha tu, majani yanabaki na vichwa vikavu. Kata kwa mkasi sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo, ukianzia pembeni mwa kichaka. Yatie kwenye mayai au supu unapoepua, maana moto mrefu huua harufu. Maua nayo huliwa: yachambue juu ya kachumbari, ila bua lake ni gumu, litupe.

Tahadhari. Kuna ua la bustani liitwalo Zephyranthes, linalochanua mvua zikinyesha. Majani yake yanafanana na ya chaivu, nalo lina sumu. Kabla ya kula, sugua jani moja kwa mikono isiyoshika kitunguu. Lisiponukia kitunguu, usile. Na chaivu yenyewe, pamoja na vitunguu vyote, ni hatari kwa paka na mbwa kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu zao. Wenye wanyama hao wazungushie uzio au watundike ndoo juu.