Nairobi imeenda wapi nyuma ya huo ukungu?

Juzi nilikaa na mwongozaji wa filamu kijana tukitazama tukio tulilopiga Kariobangi, mtaa wa hapa Nairobi. Mama anakaanga chapati kibandani, saa moja kasorobo jioni. Uso wake umetoka vizuri ajabu. Nyuma yake ni madoa ya mwanga tu: mekundu, manjano, kijani. Nikamuuliza, "Hapa ni wapi?" Akacheka. "Mzee, si ni Kariobangi?" Kwa tulichokiona, ingeweza kuwa Oslo.

Kosa ni langu pia. Mimi ndiye niliyeshika kamera.

Mtindo huu wa kuyeyusha kila kilicho nyuma ya mwigizaji una mwaka wake. Mnamo 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyorekodi video kwa sensa, yaani kile kibao kinachonasa mwanga ndani ya kamera, ya milimita 36 kwa 24. Sensa kubwa hurahisisha kupata ukungu nyuma. Kabla ya hapo, sisi wa bajeti ya kuungaunga tulitumia kamera za video zenye sensa ndogo kuliko ukucha, na kila kitu kilionekana wazi, kuanzia shela ya bibi harusi mpaka sufuria za wapishi kule nyuma. Basi ukungu ukawa cheti. Ukiwepo, hiyo ni sinema. Usipokuwepo, hiyo ni video ya harusi. Hofu ya kuitwa mpiga video za harusi haijatutoka mpaka leo.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua sensa ya ukubwa huo na lenzi ya milimita 85, fungua tundu la lenzi la kupitishia mwanga hadi f/1.4, upana mkubwa sana, simama mita moja na nusu kutoka kwa mwigizaji. Sehemu iliyo wazi ina kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Jicho linaonekana, sikio limeyeyuka. Mwigizaji akipumua kwa nguvu, msaidizi wangu wa fokasi, anayehakikisha uso hautoki ukunguni, anatokwa jasho, na mtazamaji, badala ya kusikiliza maneno, anafuata jicho linaloingia na kutoka ukunguni. Sasa weka lenzi ya milimita 28, tundu dogo la f/8, fokasi mita tatu na kidogo. Kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu hadi upeo wa macho kiko wazi. Lakini f/8 inadai mwanga. Jioni ile ningelazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha ijae chengachenga.

Kuna na mtindo mwingine, wa kutia rangi ya machungwa kwenye ngozi na buluu-kijani kwenye vivuli. Rangi hizo hukabiliana kwenye gurudumu la rangi, ndiyo maana uso hujitokeza. Tatizo ni kwamba ngozi nyeusi nusu yake iko kwenye vivuli, basi ile buluu inaimwagikia. Niliwahi kumwonyesha mzazi wa mwigizaji mmoja kazi iliyokamilika. Akatazama kimya, kisha, "Mwanangu, mbona umempausha mtoto wangu? Hakupakwa mafuta?" Nilirudi mezani usiku huohuo nikaitenga ngozi na vivuli vya ukutani. Saa tatu za kazi, kwa sababu ya mtindo ambao hakuna aliyeuomba.

Mtindo wa picha zenye giza sitauzungumzia sana. Tunasahihisha rangi chumbani kwenye kiza, kwa skrini iliyopimwa, halafu mtu anatazama kwa simu ndani ya matatu saa saba mchana. Anachokiona ni uso wake mwenyewe kwenye kioo.

Tukarudi Kariobangi, safari hii saa kumi alasiri, na ile lenzi ya 28. Mama wa chapati akaomba aone. Nikamgeuzia skrini. Hakujitazama hata kidogo. Aliweka kidole chenye unga kwenye kona ya juu kushoto, penye mtu mdogo aliyeinamia kiatu, akaita majirani: "Kujeni muone, fundi yuko kwa filamu!"