Vim haitakufanya uchape haraka

Wiki hii kijana mwingine wa mafunzo kaniuliza: "Mwalimu, nimeanza Vim, mbona kasi yangu ya kuchapa haijapanda?" Kabla yake aliuliza mwenzake, na kabla ya huyo mwingine tena. Sijui nani anawapa vijana wa Kampala imani hii, kwamba faida ya edita za kibodi kama Vim (programu za kuhariri msimbo bila kushika mausi) ni mbio za vidole. Naandika mara moja ili siku nyingine niwe natuma kiungo tu.

Kuchapa si kazi yetu. Developa anashinda akisoma: msimbo wa mtu aliyekwisha kuacha kazi, logi za seva, faili la mipangilio lisilo na mwenyewe. Akishapata pa kugusa, anabadilisha maneno matatu. Ndiyo maana Vim hufunguka katika modi ya kawaida, ambako kila kitufe ni amri, badala ya modi ya kuandika. Modi zenyewe utazizoea, na hjkl pia, vitufe vinne vya kusogeza kishale. Mishale ilichorwa kwenye vitufe hivyo vya teminali ya ADM-3A aliyotumia Bill Joy alipotengeneza vi, mtangulizi wa Vim, mwaka 1976. Tusonge.

Kinachonikera ni hesabu. Mwaka 1980 Card, Moran na Newell walichapisha njia ya kukadiria muda anaotumia mtu stadi mbele ya kompyuta. Kuhamisha mkono kati ya kibodi na mausi: sekunde 0.4. Kulenga kitu kwenye skrini kwa mausi: 1.1. Kujiandaa kichwani kabla ya tendo: 1.35. Ziangalie tena. Mashabiki wa Vim hupigia kelele ile 0.4, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote tatu, halafu ile kubwa wanaipita kimya. Ukikwama kuwaza kama unahitaji `dt(` (futa hadi kabla ya mabano) au `df(` (futa pamoja nayo), mwenye mausi ameshafuta na anasoma mstari unaofuata.

Bruce Tognazzini wa Apple alilisema hili mwaka 1989 kwa ukali zaidi: kwenye majaribio yao watumiaji walidai kibodi ndiyo yenye kasi, saa ikaonyesha mausi. Mtaje mbele ya watu wa Emacs, edita nyingine ya kibodi, uone. Mimi simpingi kuhusu tendo moja moja. Kichwa kikiwa na shughuli hakihisi sekunde zinavyopita. Ila kazi yangu haiji moja moja.

Chukua faili la wateja ambalo namba za simu zimeandikwa kwa 07, na mfumo wa malipo unazitaka zianze na 256. Humo humo kuna tarehe za mtindo wa 07/2024, kwa hiyo ukibadilisha zote kwa mkupuo umeharibu. Andika `/\<07` (tafuta kinachoanza na 07) ubonyeze Enter, kishale kitatua juu ya sifuri. Bonyeza `s` kuifuta, andika 256, kisha Esc. Sasa `n` inakupeleka panapofuata. Ni namba? Bonyeza nukta, badiliko lote linajirudia. Ni tarehe? `n` tena, pita. (Ndiyo, najua `:%s` yenye `gc`, inayobadilisha huku ikikuuliza kila mahali. Usiniandikie.)

Unaona ile 1.35 ilivyokwenda? Uamuzi wa jinsi ya kubadilisha ulifanywa mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo kichwa kimebaki na swali moja, namba au tarehe, na macho hayajaondoka kwenye data. Hiyo ndiyo faida ninayoitetea: badiliko linakuwa kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, unaweza kulirudia, kulirekodi kwa `q`, kulifuta kwa `u`. Vidole viwe vya polepole, haidhuru. Mimi mwenyewe nachapa taratibu.

Faida ya pili naipitia haraka: seva iko Ulaya, intaneti inasuasua, umeingia kwa ssh, unaandika amri tu bila mausi. Joy alitengeneza vi akitumia modemu ya baudi 300, ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, `vim -r` hukurudishia sehemu kubwa kutoka faili la swapu, akiba ambayo Vim huiandika yenyewe unapofanya kazi.

Kwa kuwa tuko Uganda: ukifungua Vim bila faili, huomba usaidie watoto maskini wa nchi hii. Si mapambo. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki Agosti 2023, alijitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale mwaka 1994. Andika `:help uganda` usome. Na tafadhali, ni Kibaale ya Rakai, upande wa Tanzania, siyo wilaya ya Kibaale kule Bunyoro. Nimechoka kusahihisha hilo pia.

Je, nina uhakika kwamba Vim inanifanya nitoe kazi nyingi zaidi? Hapana. Sijui ningepimaje; tiketi, yaani kazi tunazopangiwa, hazilingani, na siku mbaya ni mbaya kwenye edita yoyote. Huenda naipenda tu kwa mazoea. Kubadilisha jina la funksheni katika mradi mzima, edita ya VS Code ilitushinda kwa muda mrefu, mpaka Neovim, tawi la Vim, ilipoanza kuzungumza na seva za lugha (programu zinazouelewa msimbo) bila plagini mwaka 2021. Kwenye mradi mkubwa wa Java sitamtoa mtu kwenye edita ya IntelliJ. Abaki huko, aweke IdeaVim, plagini inayoleta amri za Vim humo, ajifunze nukta na `ciw` (badilisha neno), basi. Na yule anayetumia siku nzima kupanga rangi za Neovim yake asiniletee habari za tija. Tiketi yake bado iko wazi.