Shimo la Kimondo cha Mbozi lilichimbwa na watu

Wengi wanaofika kwenye Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe (zamani Mbeya), hutazama shimo linalokizunguka na kusema: "Hapa ndipo kilipotua kwa kishindo." Sivyo. Shimo hilo ni kazi ya mikono. Kimondo kilikuwa kimefukiwa nusu. Miaka ya 1930 udongo wa pembeni ukaondolewa, ukaachwa ule wa chini tu, kisha ukaimarishwa kwa zege uwe kiti chake. Kilianguka zamani mno, na alama ya kishindo haipo tena.

Sogea kwenye ncha yake. Lile pengo lilikatwa kwa msumeno, kipande kikachunguzwe. Kwangu mimi, shimo lile linastahili heshima: ndilo linalotufanya tulizunguke bonge hilo la chuma taratibu, kwa sauti za chini.